Kungojea na Kinachongojewa: Jawabu kwa Wazazi wa Ziwa la Ng'ombe

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba wakati na akaapa kwa wakati. Na rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na wote wenye kuwafuata kwa wema hata siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Wazazi wa Ziwa la Ng'ombe wametuuliza katika darsa mas'ala mawili. La kwanza, ni ipi hukumu ya mchezo wa video uitwao GTA, ambao watoto wao wanaungojea kwa hamu kubwa? La pili, mzazi aliyeombwa na mwanawe amwekee fedha za kuununua siku utakapotoka, amjibu nini? Tumeona ni kheri jawabu liandikwe, kwani jambo hili si la mtaa mmoja. Liko Kisauni, liko Likoni, liko Changamwe, na Mji wa Kale pia liko. Wenye kulijua vyema ni watoto, na watakaoulizwa kesho akhera juu ya watoto hao ni wazazi.

Nasi kabla ya kutoa hukumu twapenda kulieleza jambo lenyewe lilivyo. Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukumu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu. Mwenye kukataza asichokijua huonekana mjinga mbele ya vijana, hata kama alilosema ni kweli. Na mwenye kuruhusu asichokijua huenda akafungua mlango wa moto akidhani anafungua dirisha la upepo.

MCHEZO WENYEWE

Mtu akipita leo katika vichochoro vya Ziwa la Ng'ombe, au akishuka upande wa soko la Kongowea, au akielekea Bombolulu, ataviona vyumba vidogo vyenye televisheni mbili tatu na mashine za PlayStation. Watoto hulipa shilingi chache wakapewa pedi za kuchezea. Aghlabu huchezwa mpira. Lakini jina linalotajwa kwa hamu zaidi ni hilo la GTA, yaani Grand Theft Auto, maneno ambayo katika lugha ya mahakama za Marekani maana yake ni wizi wa gari. Basi jina lenyewe ni jina la kosa.

Mchezo wa kwanza wa jina hili ulitoka mwaka 1997, nao ulitengenezwa na kampuni ya DMA Design katika mji wa Dundee, Scotland. Leo wenye mchezo ni Rockstar Games, kampuni iliyo chini ya Take-Two Interactive ya New York. Ulitoka wa tatu mwaka 2001, ukafuatiwa na Vice City mwaka 2002 na San Andreas mwaka 2004, ambao vijana wetu wengi waliujua kwanza katika kompyuta na baadaye katika simu. Wa nne ulitoka mwaka 2008, na wa tano tarehe 17 Septemba 2013. Huo wa tano ulileta mauzo ya dola bilioni 1 kwa muda wa siku tatu, na mpaka leo zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 200.

Baada ya hapo watu wakakaa wakingojea wa sita. Mwezi wa Desemba 2023 ilitolewa trela yake, yaani kipande kifupi cha picha cha kuutangaza, nayo ilitazamwa zaidi ya mara milioni 90 kwa usiku mmoja na mchana wake. Wakaahidi kuwa mchezo utatoka mwaka 2025. Mwezi wa Mei 2025 wakaiahirisha ahadi hiyo mpaka tarehe 26 Mei 2026. Kisha mwezi wa Novemba 2025 wakaahirisha tena mpaka tarehe 19 Novemba 2026. Khabari yake ni ya mwanamume aitwaye Jason na mwanamke aitwaye Lucia, washirika katika uhalifu, ndani ya jimbo la kubuni liitwalo Leonida, lililofananishwa na Florida ya Marekani.

Ama namna unavyochezwa, mchezaji hutiwa ndani ya mji mzima, wenye barabara, maduka, bahari na watu wapitao, akaachiwa aende atakako. Humtoa mwenye gari katika gari lake akaondoka nalo. Hupiga, huua, huiba, huuza. Akikosa, nyota hutokea juu ya kioo: nyota moja kwa kosa dogo, na zikizidi ndipo polisi huzidi kumwandama. Akijificha dakika chache hata wasimwone, nyota hufutika, na mambo hurudi kama kwamba hapana lililotokea. Akiuawa, huamka mbele ya hospitali amepungukiwa na fedha kidogo. Akikamatwa, hutolewa mlangoni pa kituo cha polisi akaendelea na safari yake. Aliouua wao hutoweka barabarani, hawana mama wa kuwalilia, wala hapana anayewachimbia kaburi.

Hiyo ndiyo sura ya mchezo huu kwa ufupi, bila ya kuutia chumvi.

HUKUMU YAKE

Uislamu haukukataza mchezo. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, alishikana mieleka na Rukana, na siku ya Idi aliwaacha Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao msikitini mwake, naye Bibi Aisha akiwatazama nyuma ya bega lake. Kwa hivyo anayewaambia vijana kuwa dini haijui furaha ameizulia dini.

Lakini wanazuoni waliweka mipaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mfano ulio karibu na mas'ala yetu ni mchezo wa sataranji. Waliuhisabu kuwa ni makuruhu, na ukawa haramu pindi ukichanganyika na kamari, au ukimpitishia mtu Sala yake, au ukiambatana na maneno na mambo yaliyo haramu. Tukiyachukua hayo kuwa kipimo, twapata masharti manne ya mchezo wowote: usiwe na kamari, usiharibu Sala wala wajibu mwingine, usiwe na yaliyo haramu kuyatazama na kuyasikiliza, na usiuzoeze moyo kuipenda dhulma.

Tuupime GTA kwa vipimo hivi. Kamari imo ndani yake, kwani mwaka 2019 waliutilia jumba zima la kamari kwa wanaocheza kupitia intaneti. Na nje yake imo pia, kwani katika baadhi ya vyumba hivyo watoto huwekeana fedha na mshindi akazichukua. Sala, kila mzazi anajua Magharibi humkuta mwanawe wapi. Uchi, zinaa na matusi vimo wazi katika michezo iliyotangulia, wala hapana anayekanusha. Ama huo moyo, ladha ya mchezo yote ni kunyang'anya.

Tena wenyewe walioutengeneza hawakudai kuwa ni wa watoto. Mchezo wa tano uliandikwa Ulaya kuwa ni wa mwenye miaka 18 na zaidi, na Marekani kuwa ni wa mwenye miaka 17 na zaidi. Ikiwa watu wasioifuata sheria yetu wameona aibu kumpa mtoto wao wa miaka kumi na miwili, seuze sisi?

Basi jawabu letu ni hili. Haimfalii mzazi kumnunulia mtoto mchezo huu, wala kumwekea fedha za kuununua, wala kumwachia mashine ili aununue kwa siri. Na mtu mzima haimfalii kustarehe kwa kutazama uchi na zinaa, ikiwa ni kwa mwili au kwa picha. Na kilichosalia katika mchezo huo kukiacha ni salama zaidi kwa dini yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

TUSIUSINGIZIE YALIYO YETU

Hapa twaomba wazazi watusikilize vyema, kwani wengi wakishakusikia jawabu kama hilo hufurahi, wakadhani wamempata mwizi.

Kisauni na mitaa iliyo jirani nayo imepata khabari za kutisha za vijana wanaoshambulia watu kwa mapanga. Majina ya makundi kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yameandikwa magazetini mara nyingi. Baadhi ya vijana hao hawajafika hata miaka kumi na minane. Yuko anayesema kuwa ni GTA ndiyo iliyowatia mapanga mikononi. Sisi hatusemi hivyo, kwa kuwa hatuna dalili yake. Jumuiya ya wataalamu wa elimu ya nafsi ya Marekani, iitwayo American Psychological Association, ililitazama jambo hili, na mwaka 2020 ikasema kuwa hapana ushahidi wa kutosha wa kuifunga michezo hii na jinai za kumwaga damu. Ilichoona ni uhusiano mdogo na ukali wa tabia, kama kupiga kelele na kusukumana. Dini yetu imetuamrisha kusema kweli hata kama kweli hiyo haitupi nguvu katika hoja yetu.

Kijana wa panga ametoka mahali pengi. Ametoka katika nyumba isiyouliza alikolala. Ametoka katika shule aliyoiacha darasa la saba. Ametoka katika unga na miraa na vidonge. Ametoka katika mkono wa mwanasiasa aliyemlipa siku moja ampigie kelele, kisha asimjue tena. Mwenye kuuvunja mchezo mmoja na akayaacha haya hajatengeneza kitu.

Lakini pia haifai kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba hapana aliyeuawa kwa kuipiga picha. Ni kweli, fiqhi haimhukumii mtu kisasi kwa kuua picha. Ila Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyekuwapo penye maasi, akayaridhia, ni kama aliyekuwapo, na aliyekuwapo akayachukia ni kama asiyekuwapo. Ridhaa ya moyo ni amali. Nasi hatumwulizi kijana umeua nani. Twamwuliza saa zile zote moyo wako uliridhia nini?

NAMNA MBILI ZA KUNGOJEA

Sasa twaja katika lililotufanya tuliandike somo hili. Hukumu ya kuucheza tumeieleza. Lakini mchezo wa sita vijana wetu hawajaucheza. Wanaungojea, na huko kungojea kwenyewe ni jambo lenye kupaswa kutazamwa kwa jicho la dini.

Moyo wa mtu hauketi mtupu. Daima una kitu unachokitazamia mbele, na kitu hicho ndicho kinachoupangia saa zake. Mkulima aingojeaye masika huandaa shamba. Msafiri aingojeaye meli hufunga mizigo. Mwenye saumu aingojeaye Magharibi huuchunga ulimi wake mchana kutwa. Kungojea kwa namna hii ni kazi, na mara nyingi ni ibada. Lakini iko namna nyingine, nayo ni ya mtu ambaye kile akingojeacho hakimtaki afanye lolote. Hana cha kuandaa ila fedha, wala hana cha kufanya ila kuhesabu siku. Huitazama trela ile ile mara hamsini, hubishana na wenziwe juu ya barabara za Leonida ambayo haipo katika ardhi ya Mwenyezi Mungu, na siku ikiahirishwa huhuzunika kama aliyefiwa.

Wala tusiwaonee vijana wa leo peke yao. Wazee wetu nao walingojea. Wako waliopanga safu mbele ya sinema za Mombasa, Regal na Naaz, wakingojea picha mpya ya Kihindi; na walioiona Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 mpaka leo wanaikumbuka. Lakini picha ilikuwa na mwisho. Mtu alitoka, taa zikawashwa, akaenda zake nyumbani. Mchezo huu umetengenezwa usiwe na mwisho, na kungojewa kwake kumefanywa kuwa sehemu ya biashara yake. Kila picha moja itolewayo, kila tarehe itangazwayo, ni chambo kwa mwenye kungojea asiondoke ufukoni.

Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwuliza Kiyama kitasimama lini. Mtume hakumtajia siku. Alimgeuzia swali, akamwuliza amekiandalia nini. Katika jawabu hilo mna elimu yote ya kungojea. Kisichojulikana ni siku, na kinachotakiwa ni maandalizi. Watu wa mchezo wamefanya kinyume chake: wametupa siku, wakatuondolea maandalizi.

Na Mtume (s.a.w.) aliwachorea Masahaba umbo la mraba, akapitisha mstari katikati yake mpaka ukatoka nje, akawafahamisha kuwa yule wa ndani ni mwanadamu, na mraba ni ajali yake iliyomzunguka, na ule mstari utokao nje ni matumaini yake. Tazama, ndugu msomaji, jinsi mfano huu unavyotufaa. Tarehe ya mchezo imeahirishwa mara mbili, na kila mara aliyengoja aliahidiwa siku nyingine. Ajali ya mtu haiahirishwi hata saa moja. Na bila ya shaka wako vijana waliokuwa wakiungojea mchezo huu mwaka 2023, ambao leo wamelala makaburini, na siku yao ilikuja kabla ya siku ya mchezo.

MIAKA KUMI NA MITATU

Tangu kutoka mchezo wa tano mwaka 2013 mpaka siku iliyotangazwa ya wa sita mwaka 2026 ni miaka kumi na mitatu. Hisabu hii yafaa isitupite hivi hivi, kwani miaka kumi na mitatu ndio muda Mtume (s.a.w.) aliokaa Makka baada ya kupewa utume, kabla ya Hijra.

Waislamu wa Makka nao walikuwa wakingojea. Walingojea faraja, hali wakipigwa na kususiwa. Lakini kila siku ya kungojea kwao ilikuwa ikijenga kitu. Mus'ab bin Umair alikuwa kijana wa anasa, mwenye nguo nzuri na manukato kuliko vijana wote wa Makka. Akasilimu, mama yake akamnyima mali, na miaka ile ya kungojea ikamfanya mwalimu. Mtume akamtuma Yathrib kabla ya Hijra akawafundishe watu Qurani, na kwa mkono wake nyumba nyingi za mji ule zikaingia katika Uislamu. Alipouawa siku ya Uhud hakupatikana cha kumkafinia ila shuka moja isiyotosha kumfunika kichwa na miguu. Hivyo ndivyo ilivyozaa miaka kumi na mitatu ya kungojea kwenye kazi.

Sasa tuitazame ya kwetu. Mtoto aliyezaliwa Ziwa la Ng'ombe mwezi wa Septemba 2013 atakuwa ametimiza miaka kumi na mitatu kabla ya siku hiyo ya Novemba 2026. Huo ni umri ambao watoto wengi hubaleghe; na asiyeona dalili za kubaleghe, katika madhehebu yetu huhisabiwa baleghe akitimiza miaka kumi na mitano kwa hisabu ya mwezi. Maana yake ni kwamba kalamu iliyokuwa imeinuliwa juu yake huanza kuandika. Mtoto yule anaambiwa na marafiki zake kuwa siku kubwa inamjia, siku ya kuingia mji usio na hisabu. Wala hapana aliyemwambia nyumbani kwake kwamba siku kubwa zaidi inamjia mwaka ule ule, siku ya kuingia katika hisabu. Tumwulize mzazi: umemnunulia sare, umemlipia karo, umemtahiri, je, umeketi naye hata usiku mmoja kumweleza maana ya kubaleghe?

Tutazame na hisabu ya dunia. Mtoto akitoa shilingi 20 kila siku katika chumba cha mchezo, kwa mwaka ametoa shilingi 7,300. Akikaa humo saa mbili kila siku, kwa mwaka amekaa saa 730, nazo ni zaidi ya siku thelathini, usiku na mchana. Ni mwezi mzima wa umri wake kila mwaka. Na Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi hupata khasara kwazo.

Na lipo jambo moja zaidi, wala tusione haya kulisema. Walioutengeneza mchezo huu hawakukaa miaka hiyo wakingojea. Walikuwa wakifanya kazi. Wako waliochora, waliohisabu, walioandika programu na waliotunga khabari. Ni watu wengi, kwa miaka mingi, na kila mmoja kwa ufundi wake. Twakichukia kitu walichokitia ndani, lakini ufundi wao ni elimu, na elimu ni kitu kilichompotea Muislamu, akikipata ana haki nacho zaidi. Wao wamefanya kazi miaka kumi na mitatu ili watuuzie, na sisi tumekaa miaka kumi na mitatu ili tununue.

NYOTA HAZIFUTIKI KWA KUJIFICHA

Liko fundisho moja katika mchezo huu ambalo twaliogopa kuliko damu yake. Ni lile la nyota kufutika kwa kujificha. Mtoto hulirudia mara elfu: fanya, kimbia, jifiche, subiri kidogo, na lililofanyika halimo tena.

Katika mji wa kweli si hivyo. Katika sheria za Kenya, wizi wa mabavu wa kutumia silaha umeandikiwa adhabu ya kifo. Na aliye chini ya umri wa mtu mzima yuko anayepelekwa katika taasisi ya Borstal ya Shimo la Tewa, hapa hapa pwani yetu ya kaskazini, akaishi humo mbali na mama yake hali wenziwe wakifanya mitihani. Aliyekatwa kwa panga haamki mbele ya hospitali amepungukiwa na fedha kidogo. Wako wenzetu katika mitaa hii wanaotembea leo na mkono mmoja, na wako watoto walioachwa mayatima kwa ajili ya simu iliyouzwa kwa shilingi elfu mbili.

Wala katika dini si hivyo. Dhambi kwetu hufutika, Alhamdulillahi, na hufutika hata zikiwa nyingi mfano wa povu la bahari. Lakini hazifutiki kwa kujificha, kwani Mola wetu hafichwi kitu. Hufutika kwa toba, na toba ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kumrudishia mwenyewe au kumwomba radhi. Tazama tofauti iliyopo. Mchezo wamfundisha kijana amkimbie aliyemdhulumu. Toba yamfundisha amwendee. Kijana aliyelifahamu hili moja tu, hata akipita katika vyumba vyote vya Mombasa, ana taa mkononi.

YATUPASAYO

Hatuwaiti watu kwenda kuvunja vyumba vya michezo. Kuvunja mali ya mtu ni dhulma, na wengi wa wenye vyumba hivyo ni vijana wa Kiislamu wanaotafuta chakula. Twawaita kwa mambo matano.

La kwanza, wazazi waingie katika vyumba hivyo, waketi, watazame kinachochezwa, bila ya kugombana. Mzazi aliyeona ana neno.

La pili, wazee wa mtaa na maimamu waonane na wenye vyumba, wapatane nao kwa wema: chumba kifungwe wakati wa Sala, mtoto wa shule asiingie saa za shule wala baada ya Isha, fedha zisiwekwe juu ya mchezo, na michezo iliyoandikiwa watu wazima wasipewe watoto. Mwenye chumba akikubali, na asaidiwe, wala asitangwe.

La tatu, nafasi ya kungojea ijazwe kitu. Moyo wa kijana haukubali kuambiwa usingojee, bali huambiwa ngojea hiki. Na pawe na siku za mashindano ya mpira na ya kuogelea zinazotangazwa mapema, na hafla za waliohitimu juzuu, zenye zawadi za maana. Tukitoa maelfu kwa karamu ya usiku mmoja, hatukosi kumpa mtoto aliyehifadhi kitu cha kumfanya mwenziwe angoje zamu yake.

La nne, ufundi. Wazee wetu wa miaka ya 1940 waliliona hili. Kwa michango ya wakubwa wa Kiislamu, Sultani wa Zanzibar na Aga Khan wakiwa miongoni mwao, ilianzishwa hapa Mombasa taasisi ya Mombasa Institute of Muslim Education, watoto wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wajifunze kazi za ufundi. Taasisi hiyo ndiyo leo Technical University of Mombasa, na ilipata daraja ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, mwaka ule ule uliotoka mchezo wa tano. Milango miwili ilifunguka mwaka mmoja. Kijana apendaye michezo ya video asiambiwe kuwa kupenda kwake ni wazimu. Na aambiwe kuwa kuna hisabati na uchoraji nyuma yake, akajifunze, atengeneze mchezo wenye kheri ambao watoto wa watu wengine wataungojea.

La tano, kubaleghe kusomeshwe. Kila madrasa iwe na somo maalumu kwa wenye miaka kumi na mbili na kumi na tatu, juu ya tohara ya mwili na ya moyo, haki za watu, na toba. Somo hilo likitimizwa kabla ya Novemba 2026, basi siku hiyo itawakuta watoto wetu wakiwa na kitu.

KHATIMA

Kwa mzazi aliyetuuliza amjibu nini mwanawe, twamwambia asimjibu kwa neno "haramu" peke yake, akanyamaza. Na aketi naye amweleze yaliyomo, amwonyeshe kuwa anayajua. Amwambie kuwa fedha hiyo haitatoka, na amweleze kwa nini. Kisha zile shilingi zilizokuwa ziende huko azitoe mbele ya macho yake katika kitu kingine wanachokingojea pamoja. Mtoto aliyenyimwa bila ya kupewa atakwenda kwa jirani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuamshe katika usingizi wa matumaini marefu, awahifadhi vijana wetu na panga na wenye panga, na atujaalie kungojea kwetu kuwe ni kwa wale waliojiandaa. Amin.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Eleza masharti manne ya mchezo ulio halali, na utaje mchezo mmoja wa mtaa wako unaoyatimiza.
2. Ni ipi tofauti kati ya kungojea kwa mkulima na kungojea kwa mwenye kuhesabu siku?
3. Kijana amemnyang'anya mtu simu mwaka uliopita, na sasa anataka kutubu, lakini simu ameshaiuza. Afanye nini?
4. Mtume (s.a.w.) alimjibu vipi aliyemwuliza siku ya Kiyama, na jawabu hilo latufundisha nini katika mas'ala haya?